Namba mbili ya Bibi

Haya jamaa, nimepotea kidogo. Kazi zimekuwa nyingi, na anayevuka feri ya Likoni kila siku anajua kwamba saa zikiingia mle hazirudi. Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nataka kuwaeleza kuhusu redio ya Bibi, kwa sababu imenifunza jambo ambalo miaka minne ya kusomea sayansi ya kompyuta haikunifunza.

Redio yenyewe ni ile mitambo ya sebuleni yenye spika mbili kubwa, deki mbili za kaseti na sahani ya CD. Babu aliinunua mwaka 2003 alipostaafu bandarini, na nakumbuka ilivyoingizwa nyumbani kwa mkokoteni huku watoto tukiufuata nyuma kama harusi. Babu mwenyewe ndiye aliyezihifadhi stesheni. Namba 1 ilikuwa Radio Rahma, 91.5, kwa ajili ya mawaidha. Namba 2 Pwani FM ya KBC, 103.1, kwa taarabu, salamu na matangazo ya vifo. Namba 3 Baraka FM, 95.5, nayo ilikuwa ya sisi wajukuu. Zilizobaki hazikuwa na mwenyewe.

Babu alifariki, redio ikabaki. Bibi ana mtoto wa jicho, na kile kioo cha redio kwake ni mwanga wa kijani tu. Lakini vitufe anavijua kwa vidole. Wakati kama wa Babu, nasi tukiwa wadogo, angesema "nitilie mbili", na hakuna aliyeuliza mbili ni nini.

Sasa njooni Agosti 2023. Mnakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 25, stima ilipopotea karibu nchi nzima? Kwetu ilirudi Jumamosi. Nikamkuta Bibi akibonyeza namba 2 na redio ikitoa mchakacho mtupu. Kila kitu kilikuwa kimefutika, saa inamweka sifuri sifuri, stesheni hakuna hata moja. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi usiku ule, nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikashikilia kile kitufe cha kutafuta chenyewe. Redio ikaanza 87.5 ikapanda hadi 108, na kila iliposhika stesheni yenye nguvu ikaiweka kwenye nafasi iliyofuata. Dakika mbili, kazi kwisha. Nikamwambia, "Bibi, tayari." Akaniombea dua.

Nyinyi wenzangu wa kodi mshaliona kosa. Redio ilizipanga stesheni kwa masafa. Namba 2 ikawa stesheni ya pili kutoka chini, basi. Kwa mashine hakuna kilichoharibika, kwa sababu stesheni zote zilikuwemo. Kwa Bibi hakuna kilichokuwa mahali pake. Alichokuwa nacho si orodha, ni majina, ila majina yake yalikuwa namba.

Hakusema kitu. Alidhani Pwani FM wamebadilisha vipindi, akawa anasikiliza miziki asiyoijua huku akingoja matangazo. Na Jumapili ile alifariki rafiki yake wa Waa, waliyesoma naye chuo cha Kurani wakiwa wasichana wadogo. Jamaa zake walijaribu kumpigia Bibi, lakini namba waliyokuwa nayo ni ya laini iliyopotea zamani. Wakapeleka tangazo redioni, wakijua kwamba yeye hakosi kusikiliza.

Maziko yakawa jioni ile ile, kama ilivyo kwetu. Bibi alipata habari Jumatano, kwa muuza samaki. Nilimpeleka Waa mwenyewe. Njia nzima hakuongea, ila tulipofika Ng'ombeni aliniuliza taratibu, "Bwanangu, ile mbili uliigusa?"

(Kwa wasiokuwa wa huku: bibi kumwita mjukuu wake bwanangu ni utani wa kawaida. Siku ile haukuwa utani.)

Nilitaka kusema ni stima. Nikasema, "Ndiyo Bibi, niliigusa."

Hapo ndipo nilipofanya kama wafanyavyo watu wa fani yetu wakiwa na hatia: nikaanzisha mradi. Nikachukua Raspberry Pi iliyokuwa imelala kabatini, nikaifungia vitufe vinne na kuandika programu ndogo ya kuvuta stesheni kutoka intaneti. Anwani zote zikakaa kwenye faili, na stima ikipotea mara mia hazifutiki. Kazi ya usiku mbili, nikajisifu sana.

Siku ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima kuwaka, Bibi akauliza kama imekufa. Siku ya pili bando likaisha katikati ya taarabu. Siku ya tatu ikaja adhana ya magharibi. Muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu akamaliza, watu wakatulia, ndipo kile kidude changu kikaanza "Allahu Akbar" peke yake. Sauti ya intaneti hukusanywa kwanza kidogo kidogo kwenye seva na kwenye mashine kabla ya kusikika, na kwangu ilikuwa nyuma kwa karibu nusu dakika. Bibi akasema, "Redio yako hii yachelewa kuliko muadhini. Mwezi wa Ramadhani tutafuturu usiku wa manane." Nikaichomoa :-)

Basi nikaibeba redio ya Babu hadi kwa fundi mmoja mzee karibu na Mwembe Tayari. Aliifungua, akaangalia ndani sekunde chache, akagusa kidude cheusi cha mviringo kama kitufe cha koti. "Hii ndiyo kumbukumbu yake," akasema. "Imekauka."

Kidude hicho ni kapasita kubwa, 5.5 volti, 0.1 faradi. Redio nyingi za enzi hizo ziliweka stesheni kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote, na stima ikikatika kapasita ndiyo inayoishikilia. Tupige hesabu. Tuseme imejazwa volti 5 na chipu inaweza kukumbuka hadi zishuke volti 2. Tofauti ya volti 3 mara faradi 0.1 ni kulombi 0.3. Chipu ikinywa maikroampea moja, hizo ni sekunde 300,000, yaani siku tatu na nusu. Ndiyo maana miaka yote ile stima ilikatika na kurudi na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinachoweza kufutika. Lakini kapasita za aina hii haziwezani na joto, na yetu ilikuwa imekaa miaka ishirini Likoni, juu ya transfoma inayochemka. Ikapungua polepole bila kutoa onyo lolote.

Na kilichokuwa kikishikiliwa ni kidogo mno. Kutoka 87.5 hadi 108, kwa hatua za 0.05, ni nafasi 411. Baiti mbili zinatosha stesheni moja, na redio ile ina nafasi 20. Baiti 40 kwa jumla! Aya hii peke yake inazipita mbali. Chipu za kukumbuka bila umeme zilikuwepo tangu zamani, ila labda zingeongeza shilingi kadhaa kwenye bei. Tena watu wa Ulaya walishaliona lile kosa langu la kupanga kwa masafa: mfumo wa RDS, ambao umoja wa watangazaji wao uliutoa mwaka 1984, unaipa kila stesheni namba yake ya utambulisho, ili redio ijue inasikiliza nani na si masafa gani tu. Ya Babu haina.

Siwezi kuwacheka waliounda redio ile. Mwaka mmoja kabla ya haya nilikuwa kwenye timu iliyotoa toleo jipya la programu fulani, na likafuta lugha ambayo kila mtumiaji alikuwa ameichagua. Waliokuwa kwenye Kiswahili wakajikuta kwenye Kiingereza. Kwenye mkutano ni mimi niliyesema, "Si wataingia tu kwenye mipangilio wachague tena." Niliisema haraka, ili tuendelee na jambo lingine. Sijui ni mabibi wangapi walikaa mbele ya kioo kile wakidhani ni wao waliokosea.

Fundi aliweka kapasita mpya, nami nikaijaribu kama ninavyojaribu kodi ya watu. Nikaichomoa saa moja, stesheni zipo. Usiku mzima, zipo. Siku mbili, zipo. Halafu nikaziweka kwa mkono, moja moja, kama alivyoziweka Babu. Juu ya kitufe cha pili nikabandika punje ya mchele kwa gundi, na masafa yote nikayaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya mtambo, ili hata mtu asiyetujua aweze kuzirudisha.

Desemba 10 mwaka ule ule stima ikapotea tena nchi nzima. Iliporudi nilikuwa Kisauni kwa rafiki. Nilimpigia Bibi kabla hata ya kuwasha taa. Hakuniitikia salamu, akaisogeza simu kwenye spika. Ilikuwa taarabu.

Juzi ameniuliza kama namba 4 ina mwenyewe. Nikamwambia haina. Kuna stesheni aliisikia kwenye matatu ya kwenda Msambweni, jina halijui, ila asubuhi kuna mwanamke mwenye sauti nzito anayesoma barua za watu. Kesho naamka mapema, nikae naye tuitafute kwa mkono.