Badiliko Lisilo na Mwenyewe

Katika kudhibiti matoleo ya programu kuna tatizo moja ambalo limebadilika sura mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na kila sura imeacha mazoea yake kwa watumiaji. Mtu anafungua folda ya mradi, hajagusa faili hata moja, anaandika git status, na mara anaona orodha ndefu ya mafaili yanayodaiwa kubadilika. Anayaondoa mabadiliko hayo kwa git restore, anaangalia tena, yako palepale. Hoja yangu ni kwamba badiliko la namna hii mara nyingi si kosa la mtu wala si ubovu wa faili. Ni kanuni mbili za kulinganisha zinazogongana, na dawa yake ni kuiandika kanuni ndani ya mradi wenyewe, isiachwe kwenye kompyuta ya kila mmoja.

Mwanzoni haikuwa hivi. RCS, mfumo uliotengenezwa na Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, ulimpa mtu faili la kusoma tu mpaka alifunge kwa jina lake, hivyo kila badiliko lilikuwa na mwenyewe. CVS ikawaruhusu wengi kufanya kazi kwa pamoja, lakini, kama RCS, nayo iliyaingilia yaliyomo: alama kama $Id$ zilijazwa upya, na picha iliyoingizwa bila chaguo la -kb iliweza kuharibika. Subversion, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2004, ikaenda kwa tahadhari: haikugusa miisho ya mistari mpaka faili lipewe sifa ya svn:eol-style, na sifa hiyo ilisafiri pamoja na faili. Git, aliyoianza Linus Torvalds Aprili 2005, ilizaliwa kwa ajili ya Linux. Swali la Windows lilipofika, jibu la kwanza lilikuwa core.autocrlf, mpangilio unaokaa kwenye kompyuta ya mtu. Hapo ndipo kanuni ilipotengana na kitu inachokitawala.

Tuangalie kinachotokea. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. Linux hutumia 10 peke yake. Kanuni ikisema faili fulani lihifadhiwe kwa mtindo wa Linux, na hazina ya mradi tayari ina nakala ya mtindo wa Windows, Git inaona kwamba faili hilo likikomitiwa sasa litatoka tofauti. Basi inalihesabu kuwa limebadilika. Kulirudisha hakusaidii, kwa kuwa kinachorudishwa ni baiti zilezile. Mfano wa jambo hili nje ya kompyuta uko Kyela, mkoani Mbeya, Tanzania. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, mpaka ambao leo unatenganisha Tanzania na Malawi. Kabla ya kuingia Ziwa Nyasa mto huo hupita kwenye tambarare, na mafuriko huuhamisha mkondo wake. Shamba la mpunga liko palepale, mkulima hajahama, lakini anayesoma mpaka kwa kuufuata mto anapata jibu jipya. Kumlaumu mkulima hakutatui chochote. Ndiyo maana nchi hizi mbili zimeshirikiana katika mpango wa bonde la Songwe, ambao moja ya shabaha zake ni kuutuliza mkondo.

Chanzo cha pili ni flashi. Pale bando linapohesabiwa kwa megabaiti, folda nzima hunakiliwa na kupita mkono kwa mkono. Flashi yenye mfumo wa FAT32 au exFAT haihifadhi ruhusa za kuendesha faili. Ikifika kwenye Linux, git diff huweza kuonyesha 100644 imekuwa 100755 bila herufi hata moja kubadilika. Kwa hiyo uchunguzi uanze na git diff, kabla ya amri yoyote ya kufuta. Ikitaja namba hizo, tatizo ni ruhusa. Ikionyesha mistari yote imebadilika ilhali maandishi ni yaleyale, git ls-files --eol itaonyesha mwisho wa mstari ulio kwenye kumbukumbu ya Git, ulio kwenye diski, na kanuni inayotumika. Na anayelazimika kutumia flashi abebe faili moja la git bundle badala ya folda. Humo ruhusa hubaki zilivyokomitiwa.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kufuta folda na kuipakua upya. Hilo hula bando, hupoteza kazi ambayo haijakomitiwa, na kanuni ikiwa ileile orodha itarudi. Vivyo hivyo git reset --hard: haibagui badiliko la uongo na kazi halisi ya jana. Pingamizi lenye uzito ni jingine. Kusawazisha mafaili yote kwa git add --renormalize, amri iliyokuja mwaka 2018, hugusa maelfu ya mistari, huficha nani aliandika nini, na huleta migongano kwa wenye matawi ambayo hayajaunganishwa. Ni kweli. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja: matawi yaunganishwe kwanza, usawazishaji ukomitiwe peke yake, na tangu toleo 2.23 la mwaka 2019 git blame inaweza kuiruka komiti hiyo.

Asiyetaka kulipa gharama hiyo ana njia: aweke ndani ya mradi faili la .gitattributes lenye mstari * text=auto siku mradi unapoanza, kabla mtu wa pili hajajiunga. Vijana wa Kyela, Tukuyu au Mbeya wanaojenga programu pamoja, huyu kwa Windows na yule kwa Linux, hawahitaji kukubaliana kompyuta ipi ni bora. Wanahitaji kukubaliana faili lihifadhiweje, na makubaliano hayo yakae mahali ambapo kila atakayeupokea mradi atayapata.