Figo ya Kupewa

Ewe msomaji, watu wengi hudhani kwamba mgonjwa aliyepewa figo ya mtu mwingine, akishafungwa jeraha, amekwisha kupona. Mimi sioni hivyo. Siku ya kupasuliwa ni moja tu. Zinazofuata ndizo nyingi.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakaipandikiza kwa pacha wake Richard, aliyekuwa akifa kwa maradhi ya figo. Yasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo Richard alimpelekea ndugu yake kijibarua cha kumsihi arejee nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na hatoki. Alikuwa mzima, hana maumivu, naye alikubali kukatwa kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa halijapata kufanikiwa kwa muda mrefu popote. Figo ilianza kazi. Richard akamwoa muuguzi wake, akazaa mabinti wawili, akaishi miaka minane. Mwaka 1963 akafa, kwa kuwa maradhi yale yale ya zamani yaliifuata figo mpya. Ronald aliishi hadi mwaka 2010, akafariki ana umri wa miaka 79.

Hao walikuwa pacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa ngeni. Kwetu sisi wengine mambo si hivyo. Mwili una walinzi wake, nao hawajui wema: humshambulia mgeni hata akija kumwokoa mwenye nyumba. Basi mgonjwa hana budi kumeza dawa za kuwapumbaza walinzi hao kila siku, maadamu figo ile ingali ikifanya kazi ndani yake. Hapo ndipo mashaka huingia. Mlinzi aliyelazwa usingizi hamwoni mwizi pia. Viini vya maradhi ambavyo mtu mwingine angevishinda kwa chafya mbili tatu huweza kumlaza huyu hospitali. Saratani, hasa za ngozi, huwapata watu hawa zaidi kuliko wengine, na baadhi ya dawa huleta kisukari au shinikizo la damu. Dawa ikipungua, figo hukataliwa; ikizidi, zipo ambazo zenyewe huidhuru figo ile ile.

Figo za kale, kwa kawaida, huachwa mahali pake, na ile ya kupewa huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja. Kwa hiyo wako watu wanaotembea na figo tatu!

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, huja mtu akishaona nafuu. Mwenye maumivu hahitaji kukumbushwa dawa. Bali kijana aliyerudi shuleni, anayecheza mpira na wenzake, hujiuliza kwa nini ameze vidonge na hali haumwi popote. Akaacha leo, akaacha kesho, asione badiliko lolote. Mwili ukianza kuikataa figo, mara nyingi haumwambii: hapana homa, hapana uchungu. Hujulikana kwa damu iliyopimwa tu, na pengine wakati huo makovu yamekwisha kufanyika ndani ya figo.