Damu Katika Mkojo wa Mama Mkwe

Mmeniuliza kwa nini nimekuwa kimya. Leo nasema, na mada yenyewe ni mkojo, kwa hiyo mwenye haya asome peke yake chumbani.

Mnajua nimeolewa mbali. Kutoka Pemba mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda, ambako malori yanapanga foleni kuvuka daraja la mto Kagera na samaki wa baharini unamuona kwenye simu tu. Huku mama mkwe ndiye mama yangu. Siku moja aliniita uani: "Mwanangu, njoo uone." Mkojo ulikuwa na rangi ya rozela. Hana homa, haumwi popote.

Zahanati walisema UTI. Dawa za siku saba, damu ikakata. Baada ya wiki tatu ikarudi, tukapewa dawa nyingine, ikakata tena. Sasa najua kwamba damu ya ugonjwa huu huja na kuondoka yenyewe. Sisi tuliisifu dawa.

Mara ya tatu ndipo nilipofanya kosa langu. Alikuja kijana na ile mashine, bila shaka mnaijua: unashika kijiti mkononi, kompyuta inatoa karatasi za "mwili mzima". Ya mama ilisema zinki iko chini, seleniamu iko chini, shaba imezidi, damu ina sumu. Saratani hakuna. Dawa yake makopo matatu ya unga. Mama alisita. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, tujaribu," na mume wangu, dereva wa lori, akatuma pesa kutoka njiani. Hivyo ikapita miezi mitano.

Hospitalini Ngara ultrasound ilionyesha uvimbe ndani ya kibofu. Tukapewa rufaa ya Bugando. Basi mpaka Nyakanazi, Geita, Sengerema, kisha kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado. Mama kimya njia nzima, kanga kaikunja mapajani.

Kule nikamuomba daktari ampime damu tu, wasimuingize vyombo. Namshukuru hakunicheka. Alisema damu itapimwa, kuona kama imepungua na kama figo zinafanya kazi, lakini hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukwambia peke yake kwamba kibofu kina saratani au hakina. (Ile PSA mnayoisikia ni ya tezi dume, ya kina baba.) Nikamtolea karatasi ya mashine. Akaisoma yote, akanieleza: ni kweli watafiti wamepima madini haya, na mara nyingi wagonjwa wa saratani hukutwa shaba imepanda na zinki imeshuka. Ila shaba hupanda pia kwa mjamzito, na kwa mwenye maambukizi. Zinki hushuka kwa lishe duni. Tena kuipima sawasawa kunataka maabara na chupa maalumu, kwa sababu hata kizibo cha mpira cha chupa ya kawaida kinaweza kuongeza zinki kwenye damu. Kijiti cha mkononi kingeyaona wapi?

Jibu lilitoka kwenye kamera nyembamba iliyopitishwa njia ya mkojo, wakakata kinyama kikapimwa. Mama alifanyiwa na daktari wa kike, nikamshika mkono.

Alipoulizwa alikulia wapi, akasema Usukumani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, na utotoni alikojoa damu kama wenzake. Hapo nikashtuka. Mimi wa Pemba, niliyemezeshwa vidonge vya kichocho skuli, sikuwahi kumuuliza! Mayai ya kichocho hubaki kwenye ukuta wa kibofu, yakautia vidonda miaka na miaka, na tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limekiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani. Sigara nayo imo. Maji yenye aseniki nayo pia, hayo ndiyo "madini" ya kuogopwa kweli.

Na sisi wanawake tunachelewa zaidi. Damu ikionekana tunasema ni hedhi, au ni UTI. Mtu mzima aliyekwishakoma hedhi, damu hata mara moja, hata isiyouma, aombe ultrasound na kamera.

Uvimbe umeshaingia kwenye msuli. Kibofu kitatolewa, na mkojo utapita kwenye mfuko tumboni. Mama hakuuliza kuhusu kisu. Aliuliza ataswalije. Tukamuuliza ustadhi, akasema asafishe, atawadhe kila wakati wa faradhi unapoingia, aswali hata kama mkojo unaendelea kutoka. Mama akavuta pumzi. Kisha akaniagiza nimshonee vifuko viwili vya kanga vya kuufunika, kimoja cha nyumbani, kimoja cha kutokea.