Moyo wa mchikichi wa China

Sisi tuliokulia penye michikichi twajua kwamba mti ule hupenda joto. Basi tulipohamia Ubelgiji tulistaajabu kuona ndugu yake bustanini mwa mzee jirani yetu. Asili yake ni China. Wataalamu wameupa jina la Robert Fortune, Mskoti aliyepeleka miche yake Uingereza mwaka 1849. Nasi tukapanda mmoja.

Mwezi wa Februari 2012 baridi kali iliikumba Ulaya. Usiku ilishuka kupita digrii 10 chini ya sifuri. Tuliyafunga majani kwa kamba, tukauzungushia mti nguo, tukaifunika mizizi kwa nyasi kavu. Hata hivyo, ilipofika Aprili majani yote yalikuwa yamekauka. Tukatwaa shoka.

Mzee akatuzuia. «Rafiki zangu, ngojeni kwanza. Mti huu hauna matawi. Una moyo mmoja tu, kileleni, ambamo majani yote huchipuka. Nyuzinyuzi nene hulizunguka shina na kulikinga. Majani yakifa si kitu. Lakini maji yakituama moyoni yakaganda, moyo huoza, na mti wote hufa.»

Aliuvuta polepole ule mkuti mchanga wa katikati, haukung'oka. Tukaona haya, tukalirudisha shoka.

Mwezi wa Juni jani jipya lilifunguka kama upepo wa mkononi. Tangu siku ile, kabla ya kukata, twauliza kwanza kama moyo ungali hai.