Ndege ya Wenyewe Sita

Ndege ndogo huozea chini. Injini ya Lycoming inayobebwa na Cessna 172 nyingi imewekewa kamshafti upande wa juu, na ikikaa majuma kadhaa bila kuwashwa, oili yote huteremka, chuma kikabaki kikavu na unyevu ukaanza kukitafuna. Nyigu wa udongo nao hujenga ndani ya mrija wa kupimia mwendo. Matairi hubonyea upande mmoja, mipira ya mabomba hupasuka. Haya nimeyashuhudia pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, tangu nilipokuwa kijana wa kufagia hanga, na ndiyo maana nimewapenda sana watu wanaonunua ndege kwa kuchangiana. Ndege ya mtu mmoja humngoja mwenyewe apate nafasi. Ya wengi haikai. Huyu akiirudisha asubuhi, mwingine anaitaka mchana.

Mimi ni mtoto wa Laini Saba, Kibera. Ndege zilizopaa Wilson zikielekea kaskazini-magharibi zilipita karibu nasi, na kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kwa sauti ipi ina injini moja na ipi ina mbili. Watu wa kwetu walikwenda vibaruani kwa miguu, wengi Industrial Area, wachache uwanjani. Sisi wa uwanjani tulishika njia ya palipo leo majumba ya Nyayo Highrise, tukavuka Barabara ya Mbagathi, tukaangukia Lang'ata Road. Sikuwahi kuhitaji matatu kufika kazini mpaka nilipooa na kuhamia Kawangware.

Kutumia ndege kwa pamoja kulianza zamani sana pale uwanjani. Aero Club of East Africa iliundwa mwaka 1927, na 1929 Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black, wakiwa na Gipsy Moth moja. Uwanja uliitwa Nairobi West hadi 1962 ulipopewa jina la mama huyo. Lakini huo ulikuwa ushirika wa walowezi. Mwafrika wa Kibera, hata Mnubi ambaye babu yake aliitumikia King's African Rifles, aliingia pale kwa mlango wa kazi: kusukuma ndege, kuiosha, kuizungushia propela.

Nilipoingia, miaka ya 1980, kundi la kwanza nililolijua lilikuwa la watu wanne: mkulima mzungu wa kahawa, wafanyabiashara wawili wa Kihindi waliokuwa ndugu, na daktari mmoja wa upasuaji. Cessna yao ilikuwa nyeupe yenye mstari wa kijani. Walijuana tangu ujana na walikula meza moja. Mapatano yao yalijaa karatasi moja tu, na zamu ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao ukutani mwa hanga. Mtu akitaka kwenda Malindi mwisho wa juma, alifuta jina la mwenzake kisha akampigia simu kumwomba radhi, yakaisha.

Hesabu yao niliielewa upesi kwa sababu mama alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake pale kwetu. Kuna gharama zinazokuja hata ndege isipotoka: bima, ada ya kuegesha, ukaguzi wa kila mwaka. Hizo waligawana sawa. Kisha kuna zinazofuata saa: mafuta, oili, na akiba ya injini. Hii ya mwisho ndiyo inayovunja makundi. Injini ya namna ile hupangiwa saa 2,000 hivi kabla ya kufunguliwa yote na kuundwa upya, na siku hiyo ikifika bila akiba, watu waliokuwa marafiki huanza kuandikiana barua kupitia mawakili. Kila saa inayorukwa lazima iache pesa kwenye kitita, kama vile kila mama alivyoacha mchango wake mkekani hata kama zamu ya kupokea si yake.

Mzee aliyenifundisha ufundi, Mluhya mpole aliyekuwa akiishi Kawangware upande wa Gatina, aliniambia siku za mwanzo, "Kijana, usiulize nani aliruka. Fungua plagi." Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Rubani asipopunguza mafuta kwenye mchanganyiko, injini hunywa kupita kiasi, na plagi hutoka nyeusi, zimegandwa na vipande vya madini ya risasi. Anayejali hurudisha plagi zenye rangi ya kahawia safi. Baada ya muda niliweza kutaja jina la aliyetoka na ndege kabla sijaangalia ubao.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Cessna ilikuwa imeacha kutengeneza ndege ndogo za injini ya pistoni mwaka 1986 na haikurudia hadi 1996, kwa hiyo zilizokuwepo zilizeeka huku bei zikipanda. Kisha 1993 shilingi ikaporomoka. Spea zote zinalipwa kwa dola; silinda moja ikawa habari ya kuitishia mkutano. Mkulima akauza hisa yake akahama. Mmoja wa wale ndugu akamfuata. Waliobaki wakatafuta wengine wa kuziba pengo, na wanne wakawa sita: mwanasheria, mhandisi wa maji, mama mwenye duka la dawa, kijana aliyerithi biashara ya malori. Nilifurahi kuona ngozi za kwetu kwenye viti vya mbele. Lakini hawa hawakujuana. Walikutana kwa sababu ya ndege, na nje ya ndege hawakuwa na la kuzungumza.

Hapo ndipo nilipoona hatari ya kuchangia. Mtu anatua kwa kishindo Ukunda, gurudumu la mbele linapinda kidogo, anarudi, anafunga mlango, ananyamaza. Anayefuata asubuhi anapaa na familia yake. Mzee aliyenifundisha alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alinunua daftari la mistari, akalitoboa, akalifunga kwa uzi kwenye kiti cha rubani, akawaambia wote sita kwamba ndege yenye ukurasa mtupu baada ya safari hataitia sahihi. Alikuwa fundi wa kuajiriwa akiwaambia hayo wenye mali. Walinung'unika, wakaandika. Mwaka uliofuata kurasa zile zilikuwa na mambo ambayo marafiki wa zamani wasingeambiana kamwe: redio inakwaruza, breki ya kushoto laini, nimeteleza kwenye murram ya Nanyuki tafadhali kagua.

Mapatano mapya yalikuwa ya kurasa nyingi. Kilichokazaniwa zaidi kilikuwa marufuku ya kubeba watu kwa malipo, maana leseni ya rubani binafsi haikuruhusu na bima ingekufa papo hapo. Mmoja aliwahi kupeleka wageni Mara kwa nauli. Wenzake walipojua walimlazimisha auze hisa yake, na mimi niliona wametenda haki. Alikuwa ameiweka rehani mali ya watu watano bila kuwauliza.

M-Pesa ilipokuja 2007, mweka hazina aliacha kufukuzana na hundi. Baadaye kundi la WhatsApp likachukua kazi ya ubao. Chaki zilibaki kwenye kopo dirishani. Sasa zamu ya Desemba inagombewa kwenye simu usiku wa manane, na picha ya kila ufa hutumwa kwangu kabla ndege haijapoa.

Badiliko ninalolithamini zaidi lilikuja na vijana. Mtoto wa jirani yangu wa Kawangware alifanyiwa harambee ili asomee urubani. Watu wa stendi ya 56 walichanga, na kanisa pia. Leseni ya kwanza aliipata, lakini ile ya biashara ilidai saa 200, na saa ni pesa. Akaungana na mwenzake wa darasa. Walikodi ndege kwa bei ya kundi siku za katikati ya juma, wakati wenye hisa wako ofisini. Mmoja alirusha kwenda Malindi, mwingine akarudisha, kila mmoja akiandika saa zake tu. Wenye hisa walisita, nami niliwasihi kwa nguvu. Niliwaonyesha plagi za vijana wale: safi kuliko za yeyote kati yao. Na ndege ikawa haikauki tena kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Aprili 2020 watu walipozuiwa kutoka au kuingia Nairobi, niliijaza injini oili ya kuhifadhia na kuziba mirija yote dhidi ya nyigu. Kundi liliendelea kuchanga bila hata mmoja kuruka. Sikutegemea hilo. Machi 2024 ndege ya mafunzo na ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi; ya abiria ilirudi salama, mwanafunzi na mwalimu wake wakafa. Juma hilo hilo wenyewe sita walikubali kuahirisha rangi mpya, pesa zile zikaenda kwenye redio na chombo cha kuitambulisha ndege kwa rada.

Kati ya hao sita, hakuna hata mmoja niliyemkuta nilipoanza. Daktari alikuwa wa mwisho kuondoka, na hisa yake ilinunuliwa na yule kijana wa harambee, ambaye siku hizi anarusha ndege za mizigo, akishirikiana na dada yake muuguzi. Wamegawana hisa moja nusu kwa nusu, jambo ambalo mapatano hayakulitaja, kwa hiyo mwanasheria anaandika kifungu kipya. Wameniomba niwepo kwenye mkutano wakati huu, kwa sababu injini imekaribia saa zake na wanataka kujua kama akiba inatosha. Inatosha, na inabaki ya propela.