Mguu Ukiinuka, Skrini Inyamaze

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba mradi wako wa mwaka wa mwisho umepitishwa: miwani yenye skrini ndogo ya kumwonyesha njia mtembea kwa miguu bila kutoa simu mfukoni. Umeniuliza ni maonyo gani muyaandike kwenye kijitabu cha maelezo. Nakujibu kama mtu ambaye kazi yake ni kufundisha wasioona kutembea kwa fimbo nyeupe: kijitabu kiacheni kwanza. Usalama uwe ndani ya miwani yenyewe. Mtu akianza kutembea, skrini ijizime, na isirudi mpaka asimame.

Najua utasema kioo ni angavu, barabara inaonekana nyuma ya maandishi. Kuonekana hakutoshi. NASA waliwahi kuwaweka marubani kwenye mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, vipimo vimeangazwa mbele ya macho yao, juu ya sura ya uwanja. Walipokuwa wanatua, ndege nyingine ikawekwa kwenye njia. Baadhi yao hawakuiona, wakaendelea kushuka. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris walifanya jaribio jingine: watu waliambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akikatiza katikati ya wachezaji. Macho yanaweza kuelekea mahali na akili isiwepo. Sasa piga hesabu. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hupiga karibu mita 3 katika sekunde mbili. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa, katika sekunde hizohizo, imekwisha kusogea mita 22. Na ujumbe gani unasomwa na kueleweka kwa sekunde mbili?

Kuna pia pembe za macho, jambo ambalo vijana wa kompyuta hulipita haraka. Ninao wanafunzi ambao presha ya macho imewala uoni wa pembeni. Ukiwapa gazeti, wanasoma. Ukiwapeleka sokoni, wanagonga mikokoteni, wanakanyaga nyanya zilizopangwa chini, na watu wanawaona wana kiburi kwa kuwa hawapishi. Mtu mwenye macho mawili mazima huona upana wa nyuzi 200 hivi. Kofia za skrini zinazoziba uso ni finyu kuliko hapo. Quest 3 ya Meta ina kama nyuzi 110. Anayeivaa barabarani amejitia mwenyewe ulemavu ambao wanafunzi wangu wangetoa chochote waondokane nao. Na upande wa chini ndio wenye uzito zaidi, maana macho hupanga hatua kabla mguu haujafika, mwenyewe hana habari. Fremu yenu ikiwa nene chini, ngazi na mitaro isiyo na mifuniko itapotea. Punguzeni hapo hata kama betri itabidi ihamie nyuma ya sikio.

Kuchagua kioo badala ya kamera mmefanya vyema, na msikubali mtu awageuze. Vision Pro ya Apple, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, humwonyesha mvaaji dunia kwa njia ya kamera na skrini. Apple wanasema picha hufika machoni ndani ya milisekunde 12, nami nakiri huo ni ufundi mkubwa. Lakini Jeremy Bailenson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walivaa vifaa vya aina hiyo kati ya watu, na katika maandishi yao ya mwaka huohuo wakaeleza jinsi umbali unavyokosewa na jinsi watu walio karibu wanavyoanza kuonekana kama hawapo kweli. Wakashauri tahadhari. Wiki ileile ya uzinduzi zilisambaa video za watu wakiwa wameivaa kwenye usukani, hadi Waziri wa Uchukuzi wa Marekani wa wakati huo, Pete Buttigieg, akalazimika kuwakumbusha madereva wajibu wao. Mimi naongeza swali moja: betri ikikata katikati ya barabara, mtu anabaki na nini? Mwenye kamera anabaki gizani. Mwenye kioo anabaki na kioo.

Ile mipaka ambayo kofia za skrini zinazotumika sebuleni huchora sakafuni ili mtu asigonge kabati isiwadanganye. Kabati halitembei. Bajaji inatembea.

Utauliza sasa njia itaonyeshwaje ikiwa skrini imezimwa. Tumieni mkono. Mtetemo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pinda kushoto; wa kulia, pinda kulia. Mtu akitaka ramani, asimame pembeni, itokee. Masikio msiyaguse, nakusihi. Wanafunzi wangu huvuka barabara kwa kusikia injini inapunguza au inakaza mwendo, na wewe pia unasikiliza hivyo bila kujua. Anayezibwa kwa sauti ya maelekezo ananyang'anywa kinga yake. Tena, mvaaji akikaribia makutano, hata mtetemo unyamaze.

Majaribio msiyafanye kwenye korido ya chuo, ambako sakafu ni sawa na kila mtu anampisha mwenzake. Nendeni Kariakoo saa kumi na moja jioni, mmoja amevaa, mwingine anatembea ubavuni bila kifaa, tayari kumshika bega. Msimuulize mvaaji kama ameipenda. Muulizeni amepishana na nini: mama mwenye ndoo alipita upande gani, pikipiki ngapi zilipanda njia ya miguu. Mwenzake anajua majibu, linganisheni. Na msijaribu kwa vijana peke yao. Mtafuteni mtu wa miaka sitini, na mvaa miwani ya kusomea.

Likizo ukija, njoo nayo. Nitakupangia asubuhi moja na wanafunzi wangu wawili wenye uoni hafifu. Wameshasema wako tayari, na wanataka kujua kama skrini yenu inaweza kuwakuzia namba za daladala wakiwa wamesimama kituoni. Hilo lifikirie kabla hujafika, maana watakuuliza.

Shangazi yako akupendaye