Jina la babu limeandikwa Ndanda au Newala?

Barabara ya lami kutoka Mingoyo hadi Masasi inapita Nyangao na Ndanda. Familia nyingi za kusini huyataja majina hayo mtoto anapouliza babu alibatizwa wapi. Swali lenyewe lina uzito. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa akitaka kusajiliwa RITA, cheti cha ubatizo ni moja ya nyaraka zinazoweza kumsaidia.

Kabla ya kupanda basi, familia ijue kwanza mzee alikuwa kanisa gani. Misheni ya Masasi ilianzishwa na Waanglikana wa UMCA mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Wangoni walipoishambulia mwaka 1882, Padri Chauncy Maples alihamia Newala. Wakatoliki walikuja baadaye. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Zote mbili zilichomwa katika vita vya Majimaji, 1905, na mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda.

Kwa Wakatoliki, mipaka ya majimbo nayo huwapoteza watu. Ndanda imo wilaya ya Masasi lakini ni ya Jimbo la Mtwara, sawa na Newala. Masasi mjini ni Jimbo la Tunduru-Masasi, lililoundwa mwaka 1986. Tena kigango cha zamani huenda leo ni parokia kamili, ilhali vitabu vya miaka ya babu vimebaki parokia mama.

Anayekwenda abebe barua ya utambulisho kutoka parokia yake, afike siku ya kazi, wala si Jumapili baada ya misa. Kitabu hakitoki ofisini, na picha hupigwa kwa ruhusa ya paroko. Vingi vya zamani viliandikwa kwa Kilatini: tarehe, jina la mtoto, wazazi, msimamizi wa ubatizo. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kumwonyesha mjukuu mahali bibi na babu walipofungia ndoa.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kijana akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya. Mzee anayejulikana kijijini kwa jina moja huenda kitabuni ana jina la utotoni na lile la mtakatifu, tena limeandikwa jinsi padri Mjerumani alivyolisikia. Isitoshe, ukoo huko huhesabiwa kwa upande wa mama, na anayefuata jina la baba peke yake hupotea mapema.

Ndiyo maana kituo cha kwanza si ofisi ya paroko. Ni juu Newala, barazani kwa bibi, kati ya mikorosho, si mbali na Shimo la Mungu ambako uwanda unakatika na bonde la Ruvuma kuonekana hadi Msumbiji. Bibi ndiye anayejua jina la kabla ya jando, jina la mjomba, na kama familia ilitoka ng'ambo ya mto.

Kitabu cha parokia kinaweza kungoja mpaka likizo ya Desemba. Bibi apigiwe simu leo jioni, watoto wakae karibu, na mmoja wao ashike kalamu.